Taa Ndani ya Seli
Mhadhara wa hadhara uliotolewa Port Victoria, Kaunti ya Busia



Kabla sijaanza, naomba taa za ukumbi zizimwe. Ahsanteni. Kila mwenye simu awashe tochi yake, kisha aizibe kwa vidole vilivyobanana. Tochi hiyo ni nyeupe, na mwalimu wa fizikia aliyeketi kule nyuma ni shahidi wangu kwamba mwanga mweupe umebeba rangi zote za upinde wa mvua. Lakini upande wa pili wa kidole chako umetoka wekundu mtupu. Buluu imepotelea wapi? Na kijani? Zimemezwa njiani, na mlaji mkubwa ni damu. Wekundu umepita kwa sababu damu haina hamu nao.

Washeni taa. Nitakirudia kidole hicho, kwa hiyo msikipoteze.

Nimeombwa nizungumzie habari ambayo ukiisoma gazetini utadhani ni ya mganga: watu wa maabara wanaowasha na kuzima jeni ndani ya seli hai kwa mwanga, wakisaidiwa na chembe ambazo hata hadubini ya shule haiwezi kuzionyesha. Nitaanzia ziwani, kwa sababu hapa Port Victoria mwanga ni chombo cha kazi. Usiku wa giza, mwezi ukiwa haujachomoza, ukisimama ufuoni unaona taa zimetapakaa majini kama mji mwingine. Zamani zilikuwa karabai. Siku hizi ni taa za betri na za sola. Mvuvi wa omena haangazi ziwa lote. Anaiweka taa yake mahali pamoja, anangoja, omena wanajikusanya kuizunguka, ndipo wavu unafanya kazi. Mbalamwezi ikishawaka, watu wanabaki nyumbani, maana mwanga ulio kila mahali haumwiti samaki popote.

Dawa nyingi tunazomeza ni mbalamwezi. Kidonge cha kichwa hakijui kichwa kiliko. Kinayeyuka tumboni, kinaingia damuni, kinatawanyika mwili mzima mpaka kwenye kidole cha mguu ambacho hakikuwa na shida yoyote. Tunavumilia kwa sababu kichwa nacho kinapata fungu lake. Lakini kuna maradhi ambayo fungu haliwatoshi wagonjwa wake, na mojawapo, ugonjwa wa selimundu, umekaa nasi ziwani muda mrefu kuliko mtu yeyote awezavyo kukumbuka.

Mwaka 1949 mwanafunzi wa Oxford aliyelelewa hapa Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi akikusanya damu ya watu wa makabila mbalimbali. Aliona jambo la ajabu. Pwani, na huku kando ya ziwa, katika baadhi ya jamii zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na damu yenye alama ya selimundu. Nyanda za juu hakufikisha hata mmoja kwa mia. Mtu akitazama ramani hiyo akiwa hajui Kenya atafikiri ni mambo ya kabila. Allison alikuwa ameishi hapa, akafikiria mbu wa malaria.

Alirudi mwaka 1953, na mwaka uliofuata akachapisha makala yake. Alikuwa amewachukua wanaume 30 Waluo waliojitolea, 15 wenye alama ya selimundu na 15 wasio nayo, wakaambukizwa malaria makusudi kisha wakatibiwa. Kati ya wale wasio na alama, 14 walipatikana na vimelea damuni. Kati ya wenye alama, wawili tu. Jina la Allison limo vitabuni hadi leo. Ya wale 30 sijawahi kuyasikia yakisomwa popote, na kamati yoyote ya maadili ya siku hizi ingewauliza watafiti maswali marefu kabla ya kutia sahihi. Hata hivyo kutoka katika damu yao ulimwengu ulijifunza, kwa ushahidi wa kushikika, kwamba ugonjwa unaweza kuchonga jeni za binadamu. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba elimu ya jeni ni mambo ya Ulaya, mwambie darasa lilikuwa huku kwetu.

Kosa linaloleta selimundu ni dogo mno. Maagizo ya kutengeneza himoglobini, ile protini inayobeba hewa na kuipa damu rangi, yameandikwa ndani ya DNA kwa herufi nne tu. Mahali pamoja A imekuwa T. Ukirithi kosa hilo kutoka kwa mzazi mmoja, una kinga dhidi ya malaria kali na unaishi kama wengine. Ukilirithi kutoka kwa wote wawili, himoglobini yako inaganda kuwa nyuzi kila inapoachia hewa, chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu, zinakwama katika mishipa myembamba, na maumivu yake aliyewahi kulala wodini karibu na mtoto mwenye hali hiyo hahitaji kuelezwa.

Sasa sikilizeni hili, kina mama, kwa sababu nyinyi ndio mmeliona. Mtoto huyu huzaliwa mzima. Ananyonya, ananenepa, anacheka. Kisha akifika kama miezi sita vidole vya mikono na miguu vinaanza kuvimba, na jirani anasema kuna mtu ametazama mtoto vibaya. Kwa nini miezi sita? Kwa nini si siku ya kwanza?

Kwa sababu tumboni mtoto hutumia himoglobini nyingine, ya kijusi, iliyoandikwa katika jeni nyingine isiyo na kosa. Baada ya kuzaliwa mwili huizima jeni hiyo pole pole na kuiwasha ile ya watu wazima, na katika familia hizi ile ya watu wazima ndiyo yenye kosa. Angalieni neno langu: huizima. Haifuti. Jeni ya himoglobini ya kijusi ipo ndani ya uboho wa kila mmoja aliyeketi hapa, nzima kabisa, kimya. Mwaka 2008 ilijulikana wazi ni nani anayeinyamazisha: protini iitwayo BCL11A, askari aliyekaa mlangoni.

Hiyo ndiyo maana ya shughuli ya jeni. Seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kilekile, chenye jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini. Zinatofautiana kwa kurasa zinazosomwa. Na magonjwa mengi, kuanzia selimundu hadi saratani, yangebadilika sura kama tungeweza kusema: ukurasa huu usomwe, ule ufungwe, katika seli hizi na si zile, leo na si kesho.

Njia moja ya kuiamsha himoglobini ya kijusi mnaweza kuinunua. Inaitwa haidroksiurea, dawa iliyoanza kama dawa ya saratani. Hapo awali watu walihofia kuwapa watoto wa Afrika: je, haitawaongezea malaria? Jibu lilitoka kwetu na kwa jirani zetu. Utafiti ulioitwa REACH uliwaandikisha watoto 600 na zaidi katika vituo vinne, Kilifi, Luanda, Kinshasa na Mbale. Mbale! Vuka mpaka pale Malaba, pita Tororo, umefika. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018: maumivu yalipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, vifo vilipungua, na malaria, badala ya kuongezeka, ikapungua. Hii ni mbalamwezi, haina ubishi. Inafika kila mahali, na ndiyo maana damu ya mtoto hupimwa mara kwa mara. Lakini ni mbalamwezi yenye faida, na ningekuwa ninawadanganya kama ningepita hapo haraka ili nifike kwenye mambo ya kung'aa.

Njia ya pili ilipata kibali Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata. Inaitwa Casgevy. Wanachota seli mama za damu za mgonjwa, wanazipeleka maabara, wanamvuruga yule askari BCL11A kwa mkasi wa kijeni uitwao CRISPR, wanaunguza uboho wa zamani kwa dawa kali, kisha wanarudisha seli zilizosahihishwa. Wagonjwa wengi waliotibiwa hivyo wamekaa mwaka mzima na zaidi bila kipindi kimoja cha maumivu makali. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Nimejaribu kuigeuza hiyo kuwa magunia ya omena nikaacha.

Basi, mwanga.

Faida ya mwanga ni kwamba unajua mahali na unajua saa. Unaweza kuulenga, unaweza kuukatiza. Shida ni kwamba jeni haina macho. Lazima uazime jicho, na wenye kuazimisha ni mimea. Mti unajua mapambazuko bila saa kwa sababu una protini zinazohisi mwanga. Katika mmea mdogo uitwao Arabidopsis kuna protini ambayo ikipigwa na buluu hukimbilia mwenzake na kushikana naye ndani ya sekunde chache. Giza likirudi, baada ya dakika kadhaa wanaachana. Mwanasayansi anamfunga mmoja kwenye kiwashio cha jeni na mwingine kwenye jeni yenyewe. Akiwasha buluu wanakutana, jeni inasomwa. Akizima, inanyamaza. Mwaka 2019 kikundi cha Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, kilieleza jinsi kilivyotumia njia ya namna hii kuwasha na kuzima jeni moja, FGFR1, ambayo huathiri maelfu ya jeni nyingine. Walikuwa wanafanya kazi kwenye seli za maabara, si ndani ya mtu.

Mwani wa madimbwini nao umetoa fungu lake. Jeni ya protini yake inayohisi mwanga ilipandikizwa katika jicho la mwanamume wa miaka 58 aliyekuwa kipofu kwa miaka mingi. Mwaka 2021 ilichapishwa kwamba, akivaa miwani maalumu, aliweza kugusa na kuhesabu vitu vilivyowekwa mezani. Jicho lina bahati, lina dirisha. Uboho hauna.

Rudini kwenye kidole. Buluu haikupita hata kidole kimoja. Mwanga unaopita vizuri zaidi nyamani ni mwekundu sana na ule uliopita wekundu, infraredi, ambao macho hayauoni. Lakini infraredi ni dhaifu. Yale macho ya mmea yanataka buluu. Ndipo zinapoingia chembe za nano. Nanomita moja ni sehemu moja ya milioni ya milimita, na chembe hizi zina upana wa makumi ya nanomita.

Kuna fuwele zenye madini adimu mawili, iterbiamu na thuliamu, zinazofanya kitu ambacho kila mwanachama wa chama atakielewa. Katika chama, kila mama anatoa mia mia, kiasi kisichonunua kitu cha maana, na zamu ikifika mmoja anabeba kitita chote na kununua mbuzi. Iterbiamu wako wengi, kila mmoja anapokea punje dhaifu ya infraredi na kuipeleka kwa thuliamu. Thuliamu anakusanya punje kadhaa, kisha anatoa punje moja yenye nguvu: buluu, au hata ile iliyopita zambarau. Infraredi imeingia kutoka nje, buluu imezaliwa ndani. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2012 kwamba mwanga uliogeuzwa hivyo unaweza kufungua vipande vya kijeni vilivyokuwa vimefungwa kwa kufuli ya kikemia, ndani ya nyama na si juu ya ngozi tu. Mwaka 2018 wenzao wa Japani na Singapore walifikisha mwanga wa namna hiyo ndani kabisa ya ubongo wa panya bila kuingiza waya. Hapo walikuwa wanaamsha neva, si jeni, lakini taa ni ileile.

Chembe nyingine ni ya dhahabu, na hii mmekwisha kuiona. Mhudumu wa afya ya jamii anapokuja na kipimo cha malaria, akakudunga kidole na mstari mwekundu ukajitokeza, wekundu ule ni dhahabu. Dhahabu ya pete ni ya njano kwa sababu ni bonge. Ikisagwa hadi chembe za nano inakuwa nyekundu kama divai. Michael Faraday alilieleza jambo hilo London mwaka 1857. Ukiirefusha chembe iwe kama kijiti, inabadilisha tabia tena: inaanza kumeza infraredi na kupata joto. Sasa funga kwenye kijiti hicho vipande vifupi vya kijeni vinavyonyamazisha jeni fulani. Vimulike, joto linavibandua, vinakwenda kazini. Kikundi cha Chuo Kikuu cha Berkeley, Marekani, kilifanya hivyo ndani ya seli hai mwaka 2009. Na kwa kuwa vijiti vya urefu tofauti humeza rangi tofauti, unaweza kufungua mzigo wa kwanza kwa rangi moja na wa pili kwa rangi nyingine. Najua kuna vijana hapa ambao baba zao wanachimba dhahabu kwa sururu huko juu. Kiasi kinachotumika katika kipimo kimoja ni kidogo mno. Msiende kuvunja vipimo.

Nisiwafiche matatizo, maana hapa ndipo magazeti huishiwa na nafasi.

La kwanza ni forodha. Chembe ikifika kwenye utando wa seli haiingii moja kwa moja. Seli huimeza kwa kuizungushia kifuko, na nyingi hukwama mle kifukoni kama malori kwenye foleni ya Malaba, mzigo upo, karatasi hazijapita. Mwanga unasaidia hapo, kwa kuwa joto la dhahabu linaweza kupasua kifuko. Lakini joto likizidi unachoma seli uliyokuja kuiponya.

La pili ni ini na wengu. Chembe zikichomwa mshipani, sehemu kubwa huishia kwenye viungo hivyo viwili, ambavyo kazi yao ni kuchuja takataka. Mtoto mwenye selimundu wengu wake huwa umekwisha kuharibika mapema. Kumjazia fuwele za madini adimu ni jambo ambalo ningetaka lijaribiwe kwa miaka mingi kabla halijamkaribia.

La tatu ni mfupa. Chembe nyekundu ya damu iliyokomaa haina kiini, haina jeni ya kuwashwa. Kazi yote iko kwenye uboho, na uboho umejificha ndani ya nyonga, uti wa mgongo na mbavu. Hata infraredi inachoka baada ya sentimita chache. Casgevy iliuruka ukuta huu kwa kuzitoa seli nje, na ndiyo sababu mojawapo ya bei yake.

La nne sitalisema kwa upole. Ngozi yetu. Melanini humeza mwanga, buluu zaidi, infraredi kidogo tu. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni hospitalini kupima hewa damuni hutumia mwanga mwekundu na infraredi, mwanga uleule wa mhadhara huu. Mwaka 2020, dunia ikiwa katikati ya korona, watafiti wa Marekani waligundua kwamba kifaa hicho kilishindwa kuona upungufu wa hewa kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko kwa weupe. Kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa. Sasa fikiria taa ya kuwasha jeni iliyopimwa kwenye ngozi moja tu, na kipimo chake kikaandikwa kwenye mwongozo kana kwamba ngozi zote ni moja. Ndiyo maana nasema majaribio ya mwanga hayana budi kufika huku mapema, wakati kipimo bado kinaandikwa kwa penseli. Taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, ina kituo Alupe, mahali ambapo wazee bado wanapaita kwa jina la ukoma. Sioni sababu ya Alupe kuwa mwisho wa foleni.

Kwa maoni yangu, mwanga utaanza kufaa mahali taa au mrija wake unapofika: jichoni, kwenye ngozi, na kwenye koo, ambako saratani ya umio inawasumbua sana watu wa magharibi ya Kenya. Tayari kuna tiba ya saratani hiyo inayotumia dawa iwashwayo kwa leza, ingawa haigusi jeni. Kwa selimundu, kazi ya mwanga leo ni ya kuuliza maswali. Ukiweza kumnyamazisha askari fulani kwa dakika kumi katika sahani ya maabara, kisha ukamrudisha, unajua ni mlango gani alikuwa anaulinda. Vidonge vinaweza kuzaliwa kutokana na majibu hayo, na kidonge kinabebwa na boda boda.

Mama mmoja alinishika mkono pale mlangoni nilipokuwa naingia, akaniuliza: hayo mataa yako yatamfikia mtoto wangu lini? Sina tarehe ya kumpa. Nina vitu viwili. Uganda, ng'ambo ya maji haya, walipima damu za watoto wachanga wapatao 100,000 na wakakuta zaidi ya 13 kwa mia ni wabebaji. Walitumia matone yaliyokuwa yamekaushwa kwenye karatasi kwa ajili ya kipimo kingine. Mpango wa kumpima mtoto wetu kabla vidole havijavimba unaweza kuanza na karatasi. Na pili, mama, ukienda hospitalini usikubali kurudi na panadol peke yake. Uliza mtoto apimwe aina za himoglobini, na kama ni selimundu, uliza haidroksiurea kwa jina lake. Nimeliandika ubaoni kwa herufi kubwa ili ulinakili.

Maswali sasa. Nianze na wale vijana watatu pale dirishani, kwa sababu betri zao zimejaa na mwezi leo unachelewa; wanaingia majini saa mbili.